Kabla ya kutundika mzinga, tazama chini

Kuna msimu matango na maboga yangu yalinitia simanzi. Ua la kike lilikuwa linafunguka vizuri, kitunda kikionekana nyuma yake, halafu siku chache baadaye kinageuka njano, kinalainika na kudondoka. Yaliyonusurika yalikua kombo. Niliongeza mbolea, nikaongeza maji, hali ikabaki ile ile. Ndipo siku moja nikachukua tango lililopinda nikalipasua kwa urefu. Upande mnene mbegu zilikuwa zimejaa. Upande uliosinyaa palikuwa na vijiganda vyeupe, bapa, vitupu.

Jibu lilikuwa pale kwenye kisu. Mbegu haitungi bila chavua, na pale mbegu zisipotunga nyama ya tunda haivimbi. Shamba langu lilikuwa limepungukiwa na nyuki.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kutundika mzinga. Siupingi mzinga, ila nyuki wa asali ni kikundi kidogo sana ndani ya ukoo wenye aina zaidi ya 20,000. Wengi wa waliobaki hawana malkia wala asali ya kurina. Jike huchimba au hutafuta tundu lake mwenyewe, hulijaza chavua, hutaga yai, huziba, kisha huanza chumba kingine. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha mifumo 41 ya mazao duniani: wadudu wa mwituni walipotembelea maua, matunda yalishika zaidi, hata mahali penye nyuki wa asali wengi.

Ukitaka kuona sababu, kaa karibu na nyanya iliyochanua. Chavua yake imefungiwa ndani ya vijirija vyenye tundu dogo nchani, mithili ya kikopo cha chumvi. Nyuki-mwitu anayejua kazi hiyo huning'inia kwenye ua, hulikumbatia kwa miguu, kisha hutetemesha misuli ya kifua huku mabawa yametulia. Utasikia mlio mfupi, mkali, na vumbi la chavua linamwagikia tumboni mwake. Nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. Kwenye pasheni nako, ua ni kubwa kwake. Mara nyingi huchukua chavua na kuondoka bila kugusa sehemu ya kike. Wanaolimudu ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao migongo yao hupangusa sehemu za kiume na kike zilizo juu wanapoinama kunywa.

Basi anza kwa kupima, usianze kwa kununua. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na hunyauka kabla ya siku kuisha, kwa hiyo amka mapema. Jioni ya siku iliyotangulia, tafuta maua 10 ya kike yatakayofunguka kesho. Utayajua kwa kitunda kilicho nyuma yake. Yafunge uzi, matano rangi moja na matano nyingine. Asubuhi, matano ya kwanza yachavushe kwa mkono: chuma ua la kiume, libandue petali, pakaza chavua yake katikati ya ua la kike pande zote. Matano mengine waachie nyuki. Baada ya wiki moja linganisha. Yale ya mkono yakishika na mengine yakidondoka, una upungufu wa nyuki. Yote yakidondoka, tatizo liko kwingine: maji, rutuba au ugonjwa.

Wakati huohuo kaa mbele ya maua kwa dakika 10 na uhesabu wanaoingia. Huna haja ya majina yao. Andika ukubwa, rangi, na wanakobebea chavua, maana wengine hubeba miguuni na wengine chini ya tumbo. Asubuhi ya kwanza mimi nilihesabu wawili.

Sasa makazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipokosea kwa miaka. Karibu asilimia 70 ya aina za nyuki hutaga ardhini. Kwenye tuta la mpakani kwangu kulikuwa na vitundu vyembamba kuliko penseli, kila kimoja na ukingo wa udongo laini. Nilidhani ni sisimizi. Siku moja nikachuchumaa nikasubiri. Akaja nyuki mdogo wa kijivu, miguu ya nyuma imejaa unga wa njano, akaelea juu ya kitundu kama anayehakikisha ni kwake, akazama. Baada ya dakika kadhaa kichwa kikachungulia, akaruka, miguu mitupu. Alikuwa ameacha chakula cha mtoto wake mle ndani. Na mimi kila msimu nilikuwa nalilima tuta lile.

Watoto hao hukaa chini kwa miezi mingi, na jembe likipita vyumba huvunjika. Kwa hiyo acha ukanda usiolimwa, hata wa hatua mbili, mahali penye jua na pasipotuama maji. Usiutandaze majani. Napenda matandazo kwa ajili ya unyevu, lakini nyuki hawa wanahitaji udongo ulio wazi. Vipande vingi vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa pembeni, kwa kuwa nyuki wengi wadogo hutafuta chakula ndani ya mita mia chache tu. Huko Costa Rica, utafiti wa mwaka 2004 ulikuta mikahawa iliyo ndani ya takriban kilomita 1 kutoka msituni ikizaa asilimia 20 zaidi.

Kwa wanaoishi kwenye mashina, kata matete au mianzi yenye matundu ya milimita 3 hadi 10, urefu wa sentimita 15 hivi, upande mmoja uzibwe na fundo. Funga kitita, kiweke mahali mvua isipofika, kielekee jua la asubuhi, kisibembee. Usikitumie miaka na miaka. Utitiri na ukungu hujazana humo. Gogo kavu liache lilipo.

Chakula ni rahisi zaidi. Zao huchanua wiki chache halafu njaa inaingia, kwa hiyo kingoni usifyeke magugu yote yenye maua, na acha giligilani na rehani kadhaa zichanue.

Kuhusu dawa sitazunguka: usinyunyizie zao lililochanua. Ukilazimika, subiri jioni maua yamefunga na upepo umetulia. Lakini dawa zinazoingia kwenye utomvu wa mmea hufika hadi kwenye chavua na nekta, na hizo hazijali saa uliyonyunyizia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za kundi la neonikotinoidi, ambazo ni za kuua wadudu za aina hiyo, kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Soma lebo, na uliza kama mbegu unazonunua zimepakwa dawa hizo, kwani nyingine hubaki kwenye udongo uleule ambao nyuki huuchimba.

Rudia hesabu msimu unaofuata, mstari uleule, saa ileile. Na ukanda wako uwekee alama. Wangu nimeuzungushia vijiti vyenye vitambaa vyekundu, kwa sababu atakayekuja kunisaidia kulima ataona ardhi tupu tu, apitishe jembe.