Zawadi ya mvinyo wa zamani: tazama shingo kabla ya kulipa

Ukinunua Bordeaux nyekundu (mvinyo wa Ufaransa) ya miaka 30 kumpa mtu aliyezaliwa mwaka huo, isimamishe wima, imulike tochi kwa nyuma, uone mvinyo umeishia wapi. Ukiwa mwishoni mwa shingo au pale bega (sehemu chupa inapopanuka) linapoanzia, chukua. Ukishuka hadi katikati ya bega, achana nayo hata ikiwa nembo inang'aa: huenda kizibo kimepitisha hewa, na hewa ndiyo inayoua mvinyo. Chupa ya Burgundy, mvinyo mwingine wa Ufaransa, haina bega la wazi. Pima pengo kutoka kizibo hadi mvinyo, sentimita 4 zinavumilika. Kipimo hiki hakikamati chupa iliyopikwa na joto (ingawa kizibo kilichochomoza ni dalili) wala iliyojaziwa upya, kwa hiyo uliza ilihifadhiwa wapi. Mpokeaji aisimamishe siku nzima kabla ya kufungua, mashapo yatulie.