Kugombea bodi ya shule California: maelezo ya mgombea na ripoti za fedha, hatua kwa hatua

Nilikuwa mweka hazina wa kampeni ya jirani yangu, mzaliwa wa Mombasa na raia wa Marekani, alipogombea kiti cha bodi ya shule katika Kaunti ya San Diego. Niliipokea kazi hiyo kwa sababu nimeshika daftari la chama chetu cha kuzikana kwa miaka mingi, nikadhani ni kazi ileile. Tangu hapo watu watatu wa jamii yetu wameniuliza namna ya kufanya, na badala ya kurudia maelezo kwa simu nimeona niyaandike. Tarehe ninazotaja ni za uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026.

Sheria inayotawala fedha za kampeni ni Sheria ya Mageuzi ya Kisiasa, ambayo wapigakura wa California waliipitisha wenyewe mwaka 1974. Msimamizi wake ni tume ya jimbo ya maadili ya siasa, Fair Political Practices Commission, inayojulikana kwa herufi FPPC. Tume hiyo hutoa ushauri bure kwa simu na kwa barua pepe, na sielewi kwa nini watu huuliza jamaa zao kabla ya kuiuliza yenyewe.

Hatua ya 1: Fomu 501

Hii ni fomu ya kutangaza nia ya kugombea; mgombea huijaza na kuiwasilisha kabla ya kuomba au kupokea mchango wowote. Ni ukurasa mmoja.

Hatua ya 2: Amueni ukubwa wa kampeni

Ikiwa mgombea hatarajii kukusanya wala kutumia dola 2,000 au zaidi katika mwaka wa kalenda, Fomu 470, yaani tamko fupi la kampeni ndogo, inatosha, na karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kitampita kando. Kwa wilaya ndogo ya shule mimi hupendekeza njia hiyo bila kusita, kwa kuwa fedha ambazo mgombea anatoa mfukoni kulipia maelezo yake katika kijitabu cha wapigakura hazihesabiwi katika kiwango hicho.

Mkifikisha dola 2,000, kampeni imekuwa kamati kisheria. Mna siku 10 za kuwasilisha Fomu 410, ya kusajili kamati, kwa Katibu wa Jimbo huko Sacramento, na nakala katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ada ni dola 50 kwa mwaka. Fungueni akaunti moja ya benki ya kampeni, na hata fedha za mgombea mwenyewe zipite humo kabla ya kutumika.

Hatua ya 3: Maelezo ya mgombea

Kijitabu cha maelezo kwa wapigakura hufika katika kila nyumba yenye mpigakura aliyesajiliwa, na kwa mgombea asiye na fedha hakuna tangazo linaloshindana nacho. Nafasi ya kawaida ni maneno 200, ingawa bodi ya wilaya inaweza kuruhusu 400. Gharama hutofautiana sana kati ya wilaya na wilaya, kwa hiyo ulizeni ofisi ya uchaguzi mapema.

Maelezo huwasilishwa pamoja na karatasi za uteuzi, ambazo mwisho wake ni siku ya 88 kabla ya uchaguzi, yaani tarehe 7 Agosti. Yakishapokelewa hayabadilishwi. Mnaweza kuyaondoa tu, hadi saa kumi na moja jioni ya siku ya kazi inayofuata kufungwa kwa uteuzi. Kisha hufuata siku 10 ambazo mpigakura yeyote anaweza kuyasoma na kwenda mahakamani akidai sehemu fulani ifutwe.

Andikeni habari za mgombea peke yake: umri, kazi, elimu, sifa. Hairuhusiwi kutaja chama cha siasa, wala kumgusa mgombea mwingine kwa namna yoyote. Rasimu yetu ya kwanza ilisema kwamba jirani yangu, "tofauti na wengine", ana watoto katika shule za wilaya, na maneno hayo matatu yalitosha kutuletea matatizo. Uongo wa makusudi unaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000. Katika kuhesabu maneno, "San Diego" ni neno moja.

Msitegemee kijitabu hicho kutafsiriwa kwa Kiswahili. Sheria ya shirikisho inayolazimisha tafsiri inahusu Kihispania, lugha za jamii za Kiasia, na lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo.

Hatua ya 4: Kupokea michango

Hapa ndipo nilipopoteza wikiendi mbili nzima, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Kwetu mchango una desturi yake. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mtu mmoja anateuliwa kupokea, orodha ya majina na kiasi inarefuka siku hadi siku, na mwishowe mpokeaji anakabidhi fedha zote kwa mkupuo. Ndivyo tunavyozika, tunavyooza na tunavyolipia hospitali. Kundi la akina mama wa mtaani kwetu lilifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na jioni moja nikaona katika akaunti ya kampeni dola 1,840 zilizotumwa kwa Zelle, huduma ya kutumiana fedha kupitia benki, kwa jina la mama mmoja.

Sheria ya California inakataza mchango kutolewa kwa jina lisilo la mtoaji halisi. Anayewasilisha fedha za wengine lazima ajitambulishe kuwa ni mpelekaji, na amtaje kila aliyetoa. Kuandika dola 1,840 kwa jina la yule mama kungekuwa kosa lake, langu na la mgombea.

Nikaomba orodha. Nikaletewa "Mama Zuhura 50, Baba Kevin 100, Shemeji wa El Cajon 120". Kwa mchango wa dola 25 au zaidi nilihitaji jina kamili na anwani, na kwa yeyote aliyefikisha dola 100 nilihitaji pia kazi yake na mwajiri wake. Hesabu hiyo ni ya jumla ya mwaka wa kalenda: aliyetoa 60 mwezi wa Julai na 60 Septemba amefika. Jibu la "biashara" halitoshi, kwani aliyejiajiri hutaja jina la biashara yake. Taarifa hizo zisipopatikana, mchango wa dola 100 au zaidi lazima urudishwe ndani ya siku 60 tangu kupokelewa. Nilimpigia simu kila mmoja, na Baba Kevin alinikasirikia akidhani namchunguza kwa niaba ya idara ya kodi.

Suala la uraia lilikuwa zito zaidi. Sheria ya shirikisho inakataza fedha za mgeni katika uchaguzi wowote, hata wa bodi ya shule. Raia anaruhusiwa kuchangia, na mwenye grini kadi pia. Mwanafunzi mwenye viza haruhusiwi, wala mkimbizi ambaye bado hajapata ukaazi wa kudumu, hata kama analipa kodi na watoto wake wanasoma katika shule hizohizo. Shangazi wa mgombea aliyeko Muscat alikuwa ametoa dola 200 kupitia kundi, tukamrudishia. Hao wote wanaweza kujitolea bila malipo, kwa mfano kugonga milango au kubandika stempu, mradi wasiwe waamuzi wa mambo ya kampeni.

Sasa natumia utaratibu mmoja tu. Kila mchangiaji anajaza karatasi yenye jina lake la kisheria, anwani ya makazi, kazi, mwajiri, na tamko kwamba fedha ni zake na kwamba ni raia au mkaazi wa kudumu. Analipa kwa hundi yake mwenyewe. Fedha taslimu za dola 100 au zaidi ni marufuku, na mimi nazikataa hata zikiwa pungufu. Kumbukumbu naziweka katika jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila hundi. Programu za simu za kuchangisha harusi siziamini kwa kazi hii, kwa sababu hazimuulizi mtu mwajiri wake.

Pilau la nyumbani lina nafuu yake: mwenye nyumba akiandaa hafla ya kampeni kwake kwa gharama isiyozidi dola 500 kwa jumla, hiyo haihesabiwi kuwa mchango.

Hatua ya 5: Ripoti

Kamati huwasilisha Fomu 460, yaani ripoti ya mapato na matumizi, kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti tarehe 24 Septemba na 22 Oktoba, pamoja na ripoti za nusu mwaka. Kuchelewa ni dola 10 kwa siku. Katika siku 90 za mwisho, mchangiaji mmoja akifikisha dola 1,000, Fomu 497, ya kuripoti mchango mkubwa, inatakiwa ndani ya saa 24, na mkopo wa mgombea kwa kampeni yake nao umo.

Hatua ya 6: Kufunga

Salio likiwa sifuri na madeni yakiwa yamelipwa, wasilisheni Fomu 410 ya kufunga pamoja na 460 ya mwisho, la sivyo ada ya dola 50 na ripoti za nusu mwaka zitaendelea kuwafuata. Karatasi zihifadhiwe kwa miaka 4, na awe nazo mweka hazina, kwa kuwa naye alitia sahihi ripoti.