Jinsi ya kumzika baba ambaye hakukupenda

Babangu alifariki alfajiri ya Jumatano nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, katika chumba kile kile alichotufungia mlango miaka yote. Tuko watano, mimi ndimi wa kwanza. Sikumbuki siku aliyoniita mwanangu, aliniita "wewe". Nayaandika haya kwa yule ambaye sasa hivi ana baba kama huyo kitandani, na jamaa wamejaa sebuleni wakimwambia "kaa naye, ni babako", naye hajui akae vipi.

Anza na radhi, tena mapema. Watoto wa pwani tumelelewa chini ya neno hilo. Babangu alilishika kama bakora: ukichelewa kurudi kutoka dukani, "sina radhi nawe", ukiposa asikotaka, "sina radhi nawe". Sasa yu mgonjwa, nawe unamzunguka usiku na mchana ukitamani aseme jingine. Chagua siku ambayo akili zake zimetulia, kabla hajafika kuhema. Ingia na mtu mzima anayemheshimu. Sisi tulimchukua ami, mdogo wake. Sema kwa ufupi: "Baba, kama nimekukosea naomba unisamehe. Na mimi nimekusamehe." Usihesabu makosa yake, usijitetee, kisha toka hata asipojibu. Lile neno la pili liseme ikiwa ni kweli tu. Dada yangu hakulisema, na hatukumlaumu. Mimi nililisema, baba akageukia ukutani. Nilikaa kwenye ngazi mwili wote ukinitetemeka, mpaka maalim wetu aliponiambia, "Wewe umeomba. Lililobaki ni lake na Mola wake." Sikurudi kuomba mara ya pili, na nawe usirudi.

Uuguzi wagawane kwa zamu, ila zamu zisilingane. Aliyepigwa zaidi utotoni asiachiwe usiku peke yake na mgonjwa. Ndugu yetu anayekaa Likoni hakuingia chumbani hata mara moja. Kila Ijumaa alivuka feri, akaleta dawa, nepi za watu wazima na matunda ya mama, akakaa jikoni na mama, kisha akarudi. Jamaa walimsema sana. Mimi nasema huyo alifanya kazi yake kikamilifu.

Usitarajie ugonjwa umlainishe. Wetu alitema uji na kututukana mpaka wiki ya mwisho. Sura Al-Israa, aya ya 23, inatukataza kuwaambia wazazi hata "ah", na mimi niliishika aya hiyo kwa ulimi: nilijibu "sawa, baba" na kumpangusa kidevu. Uchungu wa moyoni nilimpelekea Mungu kwenye swala. Ikikushinda, mwite mwenzako, nenda ukavute pumzi nje. Kutoka chumbani si kuvunja adabu.

Saa yenyewe ikifika, mwelekezeni kibla, mlowesheni midomo kwa pamba, mtamkieni shahada kwa sauti ya chini bila kumkera. Usiingoje saa hiyo ikupe neno ulilolikosa miaka hamsini. Pumzi yake ilipungua tu, ikakatika.

Makaratasi apewe yule mwenye macho makavu. Mtu akifia nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu ili kibali cha mazishi kitoke. Beba kitambulisho cha marehemu. Cheti cha kifo kitafuatiliwa baadaye.

Kuosha maiti ndiko nilikokuogopa kuliko yote, na ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Mwoshaji mzoefu ataongoza, nanyi watoto wa kiume mnaweza kusaidia, lakini halazimishwi mtu. Maiti husitiriwa kutoka kitovuni hadi magotini, hutawadhishwa, huanzwa upande wa kulia, na hesabu ya kuosha ni witiri: mara tatu, au tano. Maji ya mkunazi hutumika, na ya mwisho hutiwa kafuri. Nilipewa mkono wake wa kulia. Niliushika, nikauosha kidole kwa kidole, na haukunivuta wala haukunipiga. Nilikuwa na umri wa miaka 52, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika mkono wa babangu kwa utulivu. Mwoshaji aliona, akapunguza kumimina maji. Ukiwa na hamu hiyo, mwambie mwoshaji mapema akupe nafasi. Usipokuwa nayo, kaa nje ukatayarishe sanda, zile shuka tatu, na hutakuwa umepungukiwa. Kuosha na sanda na swala na kuzika ni haki za maiti, na haki hulipwa hata pasipo mapenzi.

Kisha lipo swali litakalokukuta baada ya swala, watu wakiwa wangali kwenye safu: "Mwamshuhudia vipi marehemu?" Umati hujibu, "Mtu mwema!" Ndugu yangu wa tatu alininong'oneza, "Niseme nini?" Nilimwambia anyamaze. Uongo haukulazimu, na pale si mahali pa kumfedhehesha. Kwenye takbira ya tatu sote tulikuwa tumekwisha kumwombea, Allahumma ghfir lahu warhamhu, yaani Mola msamehe na umrehemu, na dua hiyo niliiomba kwa moyo wote. Unaweza kumtakia mtu rehema ambayo yeye hakukuonyesha. Tulimlaza katika mwanandani, ile nafasi ichimbwayo ubavuni mwa kaburi, pale makaburini Kikowani, tukamwagia udongo kwa mikono mara tatu.

Kwenye matanga jitayarishe na wasifu. Wazee wa barzani, waliokunywa naye kahawa tungu, watakusimulia jinsi alivyokuwa mcheshi, jinsi alivyomlipia fulani kodi ya nyumba. Hapo ndipo nilipokaribia kupiga kelele, kwa sababu yalikuwa kweli. Nje alikuwa hivyo. Shika jibu moja: "Ahsante kwa kuniambia, mzee." Wala usikae usiku kucha ukijaribu kuwaunganisha hao watu wawili wawe mmoja. Na chakula cha hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu, kipikwe kwa kilichopo. Msikope pilau ili majirani waone mlimpenda.

Kilio kiachwe kije kinavyokuja. Kitinda mimba wetu, aliyefukuzwa nyumbani akiwa na miaka kumi na saba, ndiye aliyelia mpaka sauti ikamkauka. Mimi sikutoa chozi mpaka Ramadhani, nilipokiona kikombe chake kwenye sinia ya futari.

Mama atakaa eda, muda wa mjane kungoja baada ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Msimhimize kulia, msimuulize kwa nini halii. Mamangu wiki ya kwanza aliswali alfajiri, akarudi kulala, na akalala mpaka jua likapanda. Tulifunga dirisha, tukawakataza watoto kelele.

Mirathi sasa. Babangu alituapia kwamba hatutapata hata kijiko. Ikiwa nawe umeapiwa hivyo, jua kwamba wasia hauwezi kumtoa mrithi wa sheria wala kuzidi thuluthi ya mali. Madeni hulipwa kwanza. Tulizunguka kwa muuza duka na muuza dawa tukalipa. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane, na kilichobaki hugawanywa mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Nendeni kwa Kadhi hata mkiwa mnapatana, na akina dada wawepo wenyewe, wasiwakilishwe na waume zao. Ndugu wa Likoni alisema hataki cha mtu yule. Hatukubishana naye, wala hatukukubali lile neno la hasira. Fungu lake tumeliweka kando, limeandikwa jina lake, na kila Ijumaa anapovuka feri kuja kumwona mama hatulitaji mpaka alitaje mwenyewe.