Macho yakififia ukiwa kwenye dawa ya wasiwasi

Maandishi ya mbali yakianza kukupotea baada ya kuanza dawa, usikimbilie miwani, wala usiache dawa kwa uamuzi wako. Diazepamu na jamaa zake zikikatwa ghafla baada ya kutumika muda mrefu zinaweza kuleta degedege.

Anza kwa kujipima. Bandika kalenda yenye tarakimu kubwa ukutani, kaa mita 3 penye mwanga mzuri, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, soma, kisha badili jicho. Halafu shika kitabu sentimita 40 kutoka usoni. Hapa ndipo wengi hukosea: amitriptilini na hidroksizini zinaweza kulegeza msuli unaorekebisha lenzi, ukashindwa kusoma karibu huku mbali unaona vizuri. Hiyo si mayopia, yaani kutoona vizuri vya mbali.

Kama shida ni ya mbali, toboa kadi ngumu kwa sindano, tundu la milimita 1 hivi, uitazame kalenda kupitia hapo. Tarakimu zikitakata, inaelekea mwanga hautui sawasawa ndani ya jicho. Zisipobadilika, kuna jambo jingine la kuchunguzwa.

Mayopia ya kawaida hujengeka kwa miaka, jicho likirefuka. Milimita 1 ya ziada ni kama namba 2.5 hadi 3 za miwani. Dawa hairefushi jicho la mtu mzima ndani ya wiki chache. Inayojulikana kuleta mayopia ya ghafla ni topiramati, dawa ya kifafa na kipandauso ambayo baadhi ya wagonjwa wa wasiwasi huwa nayo pia. Majimaji hujikusanya ndani ya jicho, lenzi husukumwa mbele, na macho yote mawili hufifia, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza. Miwani inayopimwa wakati huo haitafaa dawa ikishaondolewa.

Jicho likiuma sana, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa au ukatapika, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku: huenda presha ya jicho imepanda. Sertralini na fluoksetini nazo zinaweza kuichochea kwa mwenye pembe nyembamba ya jicho, yaani njia finyu ya kutolea majimaji ya jicho. Beba pakiti za dawa zote, na utaje tarehe ulizoanza na dozi ilipopandishwa. Daktari lazima ajue kama topiramati imo, kwa kuwa presha iliyoletwa nayo haitibiki kwa kutoboa kwa leza sehemu yenye rangi ya jicho ili majimaji yapite. Dawa yenyewe ndiyo huondolewa, na yeye ndiye wa kupanga namna ya kuiondoa.