Picha za zamani za madaraja ya Hagwilget na Skeena: namna ya kuzipa tarehe, kuzinakili na kuziandikia maelezo

Ukikutana na picha ya zamani ya daraja kutoka kaskazini mwa British Columbia, Kanada, mara nyingi daraja lenyewe litakupa tarehe. Majina ni jambo lingine. Jina la mahali, la watu waliosimama na la nguzo zilizochongwa nyuma yao wanayo wenyewe, Wet'suwet'en na Gitxsan, watu wa asili wa eneo hilo, na ni wao wa kuulizwa. Makosa mengi yaliyomo kwenye katalogi yalianza hivi: mtu aliyasoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha, akayaamini, akayanakili, na aliyefuata akanakili kutoka kwake.

Mwongozo huu unahusu hasa korongo la Hagwilget kwenye Mto Bulkley (Wedzin Kwah kwa Wet'suwet'en), karibu na Hazelton, pamoja na sehemu ya Mto Skeena inayopita katika ardhi ya Gitxsan. Mbinu zenyewe zinafaa kwingineko pia, ila alama za kutambulia tarehe ni za huko.

Anza na kitu, kisha taswira

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Kwa picha za karatasi, mikono safi na mikavu inatosha. Kwa negativu za filamu na za kioo vaa glovu za nitrili. Glovu za pamba huteleza, na nyuzi zake hunasa kwenye kingo za kioo zilizomeguka. Shika kila kitu kwenye kingo. Usibandue picha iliyogundishwa kwenye albamu, na usitibu mpasuko kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hupenya kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka.

Geuza picha uangalie nyuma kwanza. Karatasi nyembamba sana iliyogundishwa juu ya kadibodi, yenye rangi ya kahawia na weupe uliogeuka manjano, aghalabu ni albumini (karatasi iliyopakwa ute wa yai), na hiyo inakupeleka kabla ya 1900. Karatasi nene kidogo, nyeusi na nyeupe, inayong'aa kama fedha kwenye sehemu za giza ukiiinamisha kwenye mwanga, ni gelatini. Mng'ao huo ni fedha iliyopanda juu ya utando, yaani tabaka lenye taswira. Usiufute.

Kadi za posta zilizochapwa kama picha halisi ni nyingi sana kutoka Hazelton na kando ya reli. Tazama kisanduku cha stempu nyuma. Ukisoma AZO, jina la aina ya karatasi ya picha, yenye pembetatu nne zote zikielekea juu, karatasi ni ya kati ya 1904 na 1918 hivi. Mbili juu na mbili chini ni takribani 1918 hadi 1930. Vimraba kwenye pembe huanza karibu 1925 na kuendelea hadi miaka ya 1940. Kumbuka kwamba hiyo ni tarehe ya karatasi. Wapiga picha waliuza negativu zao, na wanunuzi wakaendelea kuchapa taswira ileile kwa miaka mingi, kwa hiyo kadi ya 1925 inaweza kubeba daraja ambalo wakati huo halikuwepo tena. Muhuri wa posta nao unakwambia tu kwamba taswira si changa kuliko siku hiyo.

Negativu ya filamu inataka uangalifu zaidi. Filamu za nitreti ziliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, nazo hushika moto kirahisi. Ukiona filamu iliyogeuka manjano au kahawia, inayonata, au yenye harufu kali, iache ilipo penye ubaridi na hewa, mbali na joto, na uwaite wataalamu wa nyaraka. Usiijaribu kwa kuichoma na usiitume kwa posta. Filamu inayonuka siki ni asetati inayooza. Hiyo haina hatari ya moto wa namna ile, lakini mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani zake, basi itenge.

Daraja linasema lini

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi na uangalie viungo vya daraja kabla ya kitu kingine chochote.

Daraja la kwanza la korongoni lilijengwa na wenyeji: magogo marefu yaliyotokeza kutoka kila ukingo, yakakutana katikati, yakafungwa kwa kamba za maganda ya mwerezi. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Collins Overland ilipitisha laini ya telegrafu (simu ya maandishi ya waya) katika eneo hilo, ikakusudia kuifikisha Urusi. Waya ya chini ya bahari ya Atlantiki ilipofanikiwa mwaka 1866, mradi ukaachwa, na waya nyingi zikabaki porini. Wenyeji walizichukua wakaimarishia daraja lao. Chini ya lenzi, kamba ya mwerezi ni nene, ina manyoya na vifundo vikubwa. Waya ni mstari mwembamba, umenyooka, na mara nyingi umetanda hewani kutoka juu ya magogo hadi ukingoni. Ukiona waya, picha ni ya baada ya 1866. Usiende mbali zaidi ya hapo kwa ushahidi huo peke yake. Daraja lilikarabatiwa na kujengwa upya zaidi ya mara moja, kwa hiyo picha mbili za "daraja la zamani" zinaweza kuwa za madaraja mawili tofauti. Zilinganishe gogo kwa gogo: idadi ya mihimili, umbo la uzio, mahali magogo yalipoegemea mwamba.

Daraja la sasa la kuning'inia, lenye minara ya chuma na lililo karibu mita 80 juu ya maji, ni la 1931. Lolote linaloonyesha minara hiyo ni la mwaka huo au baadaye.

Kwenye Skeena, kipimo kikubwa ni reli. Njia ya Grand Trunk Pacific ilikamilika tarehe 7 Aprili 1914 karibu na Fort Fraser. Picha yenye daraja la chuma la reli lililokamilika hapo Skeena Crossing, karibu na Gitsegukla, haiwezi kuwa ya karne ya 19, hata maelezo yake yaseme nini.

Maji, nguzo, na rangi zinazodanganya

Korongo la Hagwilget lilikuwa mahali pakubwa pa kuvulia samoni. Mwaka 1959 idara ya uvuvi ya Kanada ililipua kwa baruti miamba iliyokuwa mtoni, na uvuvi wa wenyeji pale ukaharibika vibaya. Kwa hiyo miamba mikubwa katikati ya mkondo, na majukwaa ya kuvulia yaliyofungwa juu yake, ni dalili nzuri kwamba picha ni ya kabla ya 1959. Andika kuhusu miamba hiyo kwenye maelezo hata kama lengo la mpiga picha lilikuwa daraja. Kwa watu wa Hagwilget, kona ile ya picha inaweza kuwa na uzito kuliko daraja lote.

Nguzo zilizochongwa nazo husaidia. Kuanzia 1925 serikali na kampuni ya reli ya Canadian National walianza kukarabati nguzo za Gitwangak, kijiji cha Gitxsan. Zilinyanyuliwa, zikapakwa rangi na kusimikwa upya kwenye zege, na baadhi zikahamishwa. Nguzo iliyoinama, yenye nyufa na mbao iliyopauka, na nguzo hiyohiyo ikiwa wima na rangi yenye kingo kali, zimetenganishwa na kazi hiyo.

Tahadhari kuhusu rangi. Vioo na filamu za zamani havikuiona nyekundu, na viliona buluu kupita kiasi. Ndiyo maana anga katika picha hizo ni nyeupe tupu. Rangi nyekundu kwenye nguzo au kwenye blanketi la heshima itatoka nyeusi, na buluu itapauka. Usiandike kamwe "blanketi jeusi" kwa sababu tu linaonekana jeusi. Andika "lenye rangi ya giza kwenye picha".

Hakikisha haijageuzwa

Negativu iliyochapwa kinyumenyume ni kosa la kawaida sana, na katika korongo huwezi kuligundua kwa macho ya haraka, maana kuta za mwamba zinafanana pande zote. Tafuta maandishi ya mpiga picha yaliyokwaruzwa kwenye negativu. Tazama makoti ya wanaume: vifungo huwa upande wa kulia wa mvaaji. Mwisho linganisha mstari wa mlima Rocher Déboulé (Stekyawden) na picha ambayo una hakika nayo. Mlima haubadiliki, nao ndio shahidi bora kuliko wote.

Kunakili

Skani picha ya karatasi kwa rangi, biti 24, hata kama ni nyeusi na nyeupe. Rangi ya karatasi, wino na madoa ni ushahidi. Nukta 600 kwa inchi zinatosha: kadi ya posta ya inchi 3.5 kwa 5.5 itakupa pikseli 2,100 kwa 3,300, faili la TIFF la takribani MB 21. Skani na upande wa nyuma, hata ukiwa mtupu. Zima kila kitu kinachojifanyia chenyewe: kunoa, kuondoa vumbi, kurekebisha mwanga. Programu ya kuondoa vumbi hufuta waya za daraja, kwa sababu kwake waya nyembamba ni mkwaruzo. Usikate kingo.

Kioo cha negativu, inchi 5 kwa 7, kinahitaji skana yenye mwanga wa juu, nukta 1,200, kijivu cha biti 16. Hapo utapata pikseli 6,000 kwa 8,400 na faili la kama MB 100. Laza kioo upande mtupu ukiangalia chini na upande wa utando (usiong'aa) ukiangalia juu. Hivyo utando haukwaruzwi, na taswira inatoka upande wake sahihi bila kuigeuza. Zikijitokeza pete za rangi, ni vioo viwili vinagusana: inua kingo za negativu kwa vipande vyembamba vya kadibodi isiyo na asidi. Kioo kilichopasuka kisibanwe na kifuniko. Kipige picha kwa kamera juu ya meza ya mwanga.

Tunza faili la TIFF bila kuligusa, fanyia kazi nakala, na uweke nakala tatu, moja ikiwa katika jengo lingine. Picha zenyewe za asili ziwekwe kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, vioo vikisimama kwa ubavu wake mrefu, penye ubaridi na unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Usihifadhi darini wala chini ya ghorofa ya chini. Joto na unyevu unaopanda na kushuka ndio unaobandua utando kwenye kioo.

Kuandika maelezo

Maneno ya asili yaandike herufi kwa herufi, ndani ya alama za kunukuu, katika sehemu yake peke yake. "Indian bridge" na tahajia kama "Hagwelget" zibaki, kwa sababu watafutaji watazihitaji. Katalogi za zamani huwaita Wet'suwet'en "Carrier", na Gitxsan huwekwa chini ya "Tsimshian" au huandikwa "Gitksan", basi tafuta kwa majina yote. Kisha andika maelezo mapya kwa majina ambayo wenyewe wanayatumia. Tarehe itaje pamoja na sababu yake: "kati ya 1866 na 1931, waya zinaonekana, minara ya chuma haipo". Tarehe isiyo na sababu haiwezi kusahihishwa na mtu mwingine.

Usitafsiri michoro ya nguzo kwa kukisia. Miongoni mwa Gitxsan, alama hizo ni mali ya Nyumba, yaani wilp, na zimefungamana na adaawk, historia inayosimuliwa na Nyumba hiyo peke yake. Si mapambo. Mwaka 1997, katika kesi ya Delgamuukw iliyofunguliwa na Gitxsan na Wet'suwet'en, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kwamba historia simulizi lazima ipewe uzito kama ushahidi. Mwandishi wa katalogi hana sababu ya kuipa uzito mdogo zaidi.

Kabla ya kuweka hadharani

Picha iliyopigwa kabla ya 1 Januari 1949 haina tena hakimiliki nchini Kanada. Hilo linajibu swali la sheria, lakini haliijibu familia iliyomo kwenye picha. Vibanda vya makaburi vilipigwa picha sana katika vijiji hivi na kuuzwa kama kadi. Pia karamu za ukoo zilipigwa marufuku na sheria ya Kanada kuanzia 1885 hadi 1951, kwa hiyo picha ya mavazi ya heshima ya miaka hiyo huenda ilipangwa na mpiga picha, au ilionyesha jambo lililokuwa na hatari kwa waliohusika. Ziweke kando hadi uulize.

Peleka swali kwa baraza la kijiji husika, Hagwilget, Gitanmaax, Gitwangak, au kwa Ofisi ya Wet'suwet'en iliyoko Smithers, na uwaombe wakuelekeze kwa chifu wa Nyumba inayohusika. Peleka picha zilizochapwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, si kiungo cha mtandaoni pekee. Wazee hutambua uso kwa kuushika mkononi na kuupitisha kwa wengine. Acha nafasi pana pembeni ya kuandikia, weka namba ya picha kwenye kila karatasi, na uache nakala huko. Toa na faili kamili, lisilo na alama ya maji, bila kudai malipo.

Jina likitolewa, andika nani alilitoa, lini, na kama ameruhusu lionekane hadharani. Watu wawili wakitofautiana, andika majibu yote mawili. Wakisema picha isionyeshwe, iondoe na uache namba yake kwenye katalogi pamoja na neno kwamba imezuiliwa kwa ombi la jumuiya. Jukwaa la kidijitali la Mukurtu lilitengenezwa kwa kazi ya namna hii, na linaruhusu kila picha iwe na masharti yake ya nani aione.