Kabla mashine ya moshi haijapanda gari kwenda harusini

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa 10 na hela zikaanza kuwafikia wakulima, simu ya mwenye muziki wa kukodisha huku Mtwara hailali. Jumamosi hii unaitwa Tandahimba, ijayo Nanyamba, inayofuata Mikindani, na kila kamati ya harusi inataka kitu kilekile: maharusi waingie ukumbini huku wamezungukwa na moshi. Mashine iliyokaa stoo tangu Januari inashushwa, inafutwa vumbi kwa kanga kuukuu, inapakiwa kwenye Noah pamoja na spika. Safari imeanza, na hakuna aliyeiwasha kuijaribu.

Mimi yalinikuta Newala. MC katangaza, watu wamesimama, simu ziko juu zinarekodi. Nikabonyeza rimoti. Mashine ikanguruma, ikatulia, halafu ikatema vitone vya maji ya moto ya rangi ya chai, vikaangukia upindo wa shela la bibi harusi. Mzee mmoja wa upande wa mume akanisogelea taratibu akauliza, "Mjomba, hiyo mashine yako ina kifua?" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao, maana ningefanya nini.

Nilipoifungua kesho yake niligundua kwamba haikuharibikia Newala. Iliharibikia nyumbani kwangu Chikongola, miezi tisa nyuma, siku niliyoiweka juu ya kabati na maji ya moshi yakiwa tumboni. Tangu hapo nimetengeneza za wenzangu nyingi, na nyingi ninazoletewa hazikufa kwa kazi. Zimekufa kwa kukaa.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi, kwa sababu ukishajua njia yanayopita maji, ubovu mwingi unautambua kwa sikio. Ndani kuna tangi, kuna pampu ndogo, kuna kipande kizito cha alumini chenye hita na bomba jembamba, na mwisho kuna mdomo. Maji ya moshi ni glaikoli au gliserini iliyochanganywa na maji safi. Pampu huyasukuma kidogokidogo kwenye lile bomba jembamba, ambako joto linapita nyuzi 200 za Sentigredi, yanageuka mvuke, na mvuke ukikutana na hewa ya nje unakuwa vitone vidogo mno vinavyoelea. Huo ndio "moshi". Kwa kweli ni ukungu, hakuna kinachoungua humo. Ukisikia harufu kali inayochoma pua na macho, ujue gliserini imeanza kuungua ndani, na hapo unazima, huongezi.

Kwa hiyo maandalizi ya msimu mimi nayaanza Agosti, wakati mikorosho bado inapigwa salfa na hakuna anayewaza harusi. Sababu ni moja tu: spea. Pampu ya aina yako, fyuzi ya joto, hata rimoti, mara nyingi vinatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Ukiagiza Agosti, kosa la fundi wa kule kukutumia pampu isiyo yake linarekebishika. Ukiagiza Ijumaa kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi, tayari umechelewa.

Siku ya ukaguzi, usikimbilie bisibisi. Iwashe kwanza uwanjani, tangi likiwa na maji ya moshi mapya, uisikilize. Ndogo ya wati 400 na kubwa ya wati 1500 zote zinahitaji dakika kadhaa kupata joto, na nyingi haziruhusu pampu kufanya kazi kabla themostati, yaani kidhibiti joto, haijaridhika. Hapo watu wengi hudanganyika: anabonyeza rimoti dakika ya kwanza, kimya, anasema imekufa. Ngoja taa ya utayari iwake. Ikiwaka, ukabonyeza na pampu ikanguruma lakini hakitoki kitu, shida iko kwenye njia ya maji: hewa imenasa kwenye mpira, chujio la ndani ya tangi limeziba, pistoni ya pampu imegandamana, au mdomo umejaa utandu. Ikitema maji badala ya ukungu, joto halitoshi au bomba limeziba nusu. Ikitoa ukungu mzuri dakika moja kisha ikanywea, mara nyingi ni chujio. Na kama haipati joto kabisa hata baada ya robo saa, ugomvi uko upande wa umeme.

Kufungua ni baadaye. Chomoa plagi, siyo kuzima swichi tu, kisha iache ipoe saa nzima au zaidi, maana kile kipande cha alumini hutunza joto kama jiwe la jiko. Nina alama ya mraba kwenye kiganja inayothibitisha hilo. Ukishafungua, angalia wageni. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana mdomo wa mashine na matundu ya kupitishia hewa. Nimewahi kutoa udongo wa kujaza kijiko kwenye mdomo wa mashine iliyokaa masika yote kibarazani. Sisimizi nao hufuata gliserini iliyomwagika, kwa kuwa ni tamu. Huku pwani kuna kutu pia. Shangani na Mikindani, upepo wa chumvi unakula skrubu na vibanio vya waya kabla hata ya kugusa bati. Kibanio chenye ukungu wa kijani kisugue au kibadilishe, kwa sababu mahali pasipokamata vizuri ndipo panapopata moto hadi plastiki inayeyuka.

Pampu iliyogandamana usiitupe haraka. Ichomoe, iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano vuta na sukuma maji kupitia tundu la kuingizia mpaka uhisi pistoni inacheza. Bomba hilohilo linafaa kutoa hewa iliyonasa: jaza mpira maji ya moshi kabla ya kuuchomeka, na pampu itaanza kuvuta bila kuhangaika. Pampu hizi hupozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Ukiiacha ingurume tangi likiwa tupu, unaisaga yenyewe kwa yenyewe, na mlio wake hubadilika ukawa mkali. Mwambie kijana wako wa rimoti aujue mlio huo kama anavyoujua mlio wa spika inayokoroma.

Mdomo unafunguliwa kwa spana, mashine ikiwa baridi, na kijitundu chake kinasafishwa kwa uzi mwembamba wa waya, bila kukipanua. Bomba la ndani ya hita halifikiki kwa waya, kwa hiyo tunaliosha kwa kupitisha kimiminika. Ninavyofanya mimi ni sehemu nne za maji safi kwa sehemu moja ya siki nyeupe, ile isiyo na rangi wala sukari. Mashine ikiwa ya moto, uwanjani na upepo ukiwa nyuma yako, unapitisha vipindi vifupivifupi hadi kinachotoka kiwe hakina rangi. Kisha unapitisha maji safi matupu kuondoa siki, ndipo unarudisha maji ya moshi. Kama kijitabu cha mashine yako kinakataza siki, kifuate. Na kama bomba limeziba kabisa, usijidanganye kwa kulisukuma kwa kompresa ya gereji. Badilisha kipande chote cha hita au ununue mashine nyingine.

Hapo kwenye "maji safi" pana mtego wa Kiswahili chetu. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na chokaa, ule utandu mweupe unaouona chini ya birika, na ndani ya bomba jembamba utandu huo ndio kifo chenyewe. Yanayotakiwa ni yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya spea za magari kwa jina la maji ya betri. Lakini dukani humohumo kuna asidi ya betri, na wapo wanaoziita zote "maji ya betri". Soma chupa. Uliza mara mbili. Asidi ikipita kwenye hita na kutoka kama mvuke mbele ya watoto, hayo siyo mambo ya kucheka tena.

Kuhusu maji ya moshi yenyewe, mimi nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi: nunua yaliyotengenezwa kwa aina ya mashine yako. Najua gliserini inapatikana duka la dawa na najua watu wanachanganya kwenye ndoo. Nao ndio wateja wangu wa Januari. Gliserini ikizidi inaungua na kuacha masizi, maji yakizidi mashine inatema. Marashi, udi wa maji, rangi ya chakula, vyote visiingie humo. Mafuta ya taa au dizeli ni hatari ya moto, sizungumzii hata kidogo.

Upande wa umeme, mwenye multimita, kile kipimio cha umeme, anajipunguzia ubishi. Pima hita ikiwa imechomolewa: kwa umeme wa volti 230, hita ya wati 1500 inasoma karibu na omu 35, na ya wati 400 karibu na omu 130. Isiposoma chochote, imekatika. Ikisoma vizuri na bado haipati joto, fuata fyuzi ya joto, ile iliyofungwa juu ya alumini, ambayo ikikatika hairudi. Inakatika kwa sababu, na mara nyingi sababu ni themostati iliyoganda. Badilisha zote mbili, na fyuzi iwe ya nyuzi zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Kuiunganisha kwa waya wa kawaida "ili tumalize shughuli" ni kuondoa kitu pekee kinachoizuia hita isiendelee kupanda joto mpaka iunguze nyumba ya watu.

Pima pia umeme wa ukumbini kabla ya kulaumu mashine. Vijijini, mwishoni mwa laini, saa mbili usiku, nimekuta volti 180. Kwa volti hizo hita ya wati 1500 haitoi hata wati 950, maana nguvu inashuka haraka kuliko volti. Basi iwashe mapema zaidi na piga vipindi vifupi. Ukitegemea jenereta, jua kwamba mashine hiyo peke yake inakula karibu ampea 7, na kila hita inapowaka upya taa zinafifia na amplifaya inalalamika. Jenereta ndogo ya kilowati 2 haibebi hiyo na muziki kwa pamoja. Na lile jambo la kuingiza plagi ya pini mbili za duara kwenye soketi yetu kwa kulazimisha na kalamu, liache: mashine ni ya bati, ndani kuna maji na umeme, na ukifanya hivyo ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, haipo. Badilisha plagi iwe ya pini tatu, uhakikishe waya wa ethi umekamata bati.

Ukumbini ni maneno machache. Uliza kama kuna kengele za moshi. Hoteli zingine zinazo, na hazijui tofauti ya harusi na moto. Weka mashine chini, mbali na pazia, mdomo ukiwa angalau mita moja na nusu kutoka kwa mtu yeyote, na mtu mzima mmoja awe mlinzi wa watoto. Vigae mbele ya mdomo vinateleza baada ya nyimbo mbili tatu, hivyo weka zulia au kitambaa cha kufutia karibu. Kwenye meza ya wazee muulize mshenga nani ana pumu, umkalishe upande wa dirisha. Nje, ufukweni, mashine ya wati 400 ni kujisumbua: upepo wa bahari unabeba kila kitu kabla kamera haijakaa sawa.

Usiku huohuo, kabla ya kupakia, mwaga maji ya tangi kwenye chupa yake na ufunge kifuniko. Usisafirishe tangi likiwa limejaa kwenye barabara ya vumbi, litamwagikia waya. Ikifika nyumbani pitisha maji safi dakika chache, iache ipoe, ziba mdomo kwa kitambaa kilichofungwa mpira, uiweke ndani na siyo kibarazani. Kila mwezi, hata masika, iwashe upitishe maji ya moshi kidogo. Mimi nimebandika kipande cha plasta kwenye mkono wa kubebea na ninaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Ya mwisho imeandikwa na mwanangu, ambaye sasa ndiye anayeshika rimoti, na ameongezea kwa mwandiko mdogo: kifua kimepona.