Unajifunza lugha mpya? Funga daftari kwanza

Kusoma orodha ileile ya maneno tena na tena kunatia moyo, maana kila ukirudia yanaonekana mepesi zaidi. Wepesi huo unadanganya. Kulitambua neno likiwa mbele ya macho ni kazi moja. Kulitoa kichwani wakati mtu anangoja jibu lako ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayohitaji mazoezi. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliojipima bila kutazama maandishi walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma. Baada ya dakika 5 tu, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele! Ndiyo maana wengi huamini wameshaiva.

Kwa hiyo soma kidogo, funga daftari, sema kwa sauti ulichoshika. Neno likigoma, usikimbilie kuchungulia. Kule kulitafuta kunasaidia. Rudia kesho, kisha baada ya siku kadhaa.

Halafu shika mafungu ya maneno, si neno mojamoja. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache mno kwa wakati mmoja, kama 4 hivi kwa makadirio ya mwanasaikolojia Nelson Cowan, na sentensi ndefu huijaza upesi: ukifika mwisho, mwanzo umeshapotea. Fungu ulilolizoea, mathalani "samahani, sijakuelewa", huhesabika kama kitu kimoja. Anza na mafungu ya kumwomba mtu arudie au apunguze kasi, kwani utayahitaji tangu mazungumzo ya kwanza.